Nani Amesema Mgongo Umesagika?

Ingia chumba cha kusubiri cha fiziotherapia asubuhi ya Jumatatu, iwe Mwanza, Mombasa au Dar es Salaam, ukae kwenye benchi na kusikiliza. Mmoja ameambiwa pingili zake zimesagika. Wa pili ute wa magoti umekauka. Wa tatu diski imetoka, na tangu asikie hivyo hainami hata kuokota kijiko; humwita mtoto amwokotee. Kila mmoja ana bahasha kubwa ya kahawia yenye picha za ndani ya mwili wake, na ameipakata kama hati ya kiwanja.

Maneno hayo hawakuzaliwa nayo. Wameyapata kwa daktari mwenye haraka, kwa mchuaji wa mtaani, kwa jirani aliyepitia hayo hayo, kwa tangazo la redio linalouza unga wa kurudisha ute. Na wote hao, wenye vyeti na wasio navyo, wanasimama juu ya imani moja: kwamba maumivu ni taarifa ya uharibifu. Panapouma pameharibika, na panapouma sana pameharibika sana. Ukishaikubali imani hiyo, mengine yanafuatana kama shanga kwenye uzi. Utataka picha ili upaone palipoharibika. Utapapumzisha pasizidi kuharibika. Na ukifika kwa mtaalamu wa viungo utalala kifudifudi, umsubiri akukande, akuwashie taa na kukubandika nyaya za umeme, mpaka palipoharibika patengenee.

Kwa mfupa uliovunjika jana, imani hiyo haina madhara makubwa. Kwa maumivu yaliyovuka miezi mitatu, na ndiyo yanayojaza mabenchi yale, ni kosa. Ni kosa linalowalemaza watu ambao hawakupaswa kulemaa.

Asili yake ni ya mbali. Kitabu cha René Descartes kuhusu mwili wa binadamu, kilichochapishwa mwaka 1664 baada ya kifo chake, kilieleza maumivu kwa mfano wa kamba ya kengele: moto unaunguza mguu, kamba inavutwa, kengele inalia kichwani. Hata mtoto anauelewa mfano huo, na huenda ndiyo sababu umedumu karne tatu na nusu. Mwili haufanyi kazi hivyo.

Mwaka 1995 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilisimulia kisa cha fundi ujenzi wa miaka 29 aliyeruka chini na kukanyaga msumari wa sentimita 15. Msumari ulipenya soli ya buti ukatokea juu. Kila ulipotikiswa kidogo tu, maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba madaktari walilazimika kumpa dawa nzito za kumtuliza kabla ya kuuchomoa. Walipolivua buti walikuta msumari umepita katikati ya vidole. Mguu ulikuwa mzima, hauna jeraha lolote.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa Marekani aitwaye Henry Beecher aliwahoji nchini Italia wanajeshi 215 waliojeruhiwa vibaya, wengine mifupa imevunjika, wengine risasi zimepita tumboni au kifuani. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1946, karibu robo tatu yao walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Beecher aliona sababu katika maana ya jeraha lenyewe: kwa askari aliye mstari wa mbele, jeraha lilikuwa tiketi ya kutoka vitani akiwa hai.

Fundi hakuwa na jeraha, na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Askari walikuwa na majeraha ya kutisha, na utulivu wao ulikuwa wa kweli. Hakuna kamba ya kengele inayoweza kueleza yote mawili. Kinachoyaeleza ni ubongo, ambao haupokei maumivu yakiwa tayari yamepikwa. Hupokea habari za hatari kutoka kwenye neva, huzipima pamoja na kinachoonwa na macho, kilichosemwa na daktari, kilichompata shangazi mwaka juzi, usingizi uliokosekana na kodi ya nyumba iliyofika, kisha ndio huamua kama mwenye mwili anapaswa kuumwa. Tangu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipopendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mfano wa lango linalofunguliwa na kufungwa, mara nyingine kwa amri ya ubongo wenyewe, sayansi ya maumivu imekuwa ikienda upande huo. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilirekebisha tafsiri yake rasmi: maumivu ni hali isiyopendeza ya mwili na hisia inayohusiana na madhara halisi au yanayoweza kutokea, au inayofanana na hiyo. Neno la kufanana limewekwa kwa makusudi. Mtu anaweza kuumwa kwa namna ile ile ya aliyeumia, na hakuna kilichochanika.

Afadhali maumivu yafananishwe na mlinzi wa getini. Kazi yake ni kulinda, na mara nyingi huifanya vizuri. Lakini mlinzi aliyewahi kuvamiwa usiku mmoja anaweza kuanza kupiga filimbi kwa kila apitaye, hata muuza maandazi. Filimbi inasikika kweli, tena kwa nguvu kuliko zamani. Isipokuwa mwizi hayupo. Ndivyo mfumo wa neva unavyofanya maumivu yanapodumu: unakuwa mwepesi, unashtuka kwa vitu vidogo, unalinda eneo kubwa kuliko lile lililoumia mwanzo.

Tuje kwenye zile bahasha za kahawia.

Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu 98 waliopigwa picha za MRI za kiuno. Hawakuwa wagonjwa. Hakuna aliyekuwa na maumivu ya mgongo. Hata hivyo asilimia 36 tu ndio waliokutwa na diski zisizo na kasoro kuanzia juu hadi chini, na zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyovimba kwenda nje angalau sehemu moja. Miaka 21 baadaye, mwaka 2015, watafiti walikusanya tafiti 33 za namna hiyo zenye watu 3,110 wasioumwa. Dalili za diski kuchakaa zilikuwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani kijana wa chuo anayecheza mpira kila jioni ana nafasi kubwa tu ya kuwa na hicho kinachoitwa kusagika, na bibi asiye nacho ni nadra. Ni mvi za mgongo. Anayeumwa mgongo akipigwa picha akakutwa nazo, haijathibitika kwamba ndizo zinazomuuma, kama ambavyo aumwaye kichwa hawezi kuzilaumu mvi zake.

Kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2017, ambao kila anayetoa laki kadhaa kwa ajili ya MRI angestahili kuufahamu. Mama mmoja wa miaka 63 nchini Marekani, mwenye maumivu ya kiuno na mguu, alipigwa picha katika vituo 10 tofauti ndani ya wiki tatu. Mgongo ni ule ule. Ripoti kumi zilizotoka zilitaja kasoro 49 za aina mbalimbali, na hakuna kasoro hata moja iliyotajwa katika ripoti zote kumi. Karibu theluthi ya kasoro hizo zilionwa na kituo kimoja tu.

Hapo ndipo neno linapogeuka kuwa kidonda. Mwaka 2021 madaktari wa mifupa wa India walionyesha kwamba wagonjwa wa mgongo walioelezwa kasoro za picha zao neno kwa neno waliishia na mtazamo mbaya zaidi kuhusu migongo yao, na hali mbaya zaidi, kuliko waliotulizwa kwamba yaliyoonekana ni ya kawaida kwa umri wao. Kiswahili kinaongeza ukali. “Kusagika” ni neno la mashine ya unga: kilichosagika hakirudi kuwa punje. “Kutoka” ni neno la kitu kilichohama mahali pake. Mtu akiambiwa hivyo na aliyevaa koti jeupe, atafanya nini kama si kukakamaa, kutembea kama aliyebeba yai, na kuiacha kazi iliyokuwa ikimlisha? Wanaoyatumia maneno hayo hawana nia mbaya. Lakini wangelazimika kuyaandika kwenye karatasi ya dawa, pamoja na madhara yake, wengi wangesita.

Habari ya ute nayo inahitaji kujibiwa, maana imekuwa biashara. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute, nao ute huingia na kutoka ndani yake kwa jinsi goti linavyobanwa na kuachiwa, kama sponji. Ute wenyewe hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo. Haumiminwi mara moja maishani ukaisha kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Goti linalotembea ndilo linalolishwa. Linalopumzishwa miezi sita kwa hofu ya kukauka ndilo linalokoseshwa chakula.

“Lakini tairi likitembea sana linaisha,” atasema mtu. Goti si tairi, maana tairi halina uhai wa kujijenga. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumuisha watu zaidi ya 100,000 ulikuta ugonjwa wa kuchakaa kwa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa afya na burudani, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Wanariadha wa mashindano walikuwa na asilimia 13.3, kwa hiyo kupita kiasi kupo. Takwimu hizo peke yake hazithibitishi kwamba mbio ni kinga. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba anayekaa ili asilitumie goti lake hajajiwekea akiba yoyote.

Na kusafisha goti kwa upasuaji? Huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa kwa kura. Wengine walisafishwa goti kupitia tundu dogo, wengine waliondolewa vipande vya gegedu, na kundi la tatu walichanjwa ngozi tu na kushonwa, ndani hakukuguswa. Kwa miaka miwili walifuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 hayakuonyesha tofauti: waliofanyiwa upasuaji wa kweli hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi.

Amri ya pili ya imani ile, baada ya picha, ni kupumzika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki, Finland, waliokuwa wameshikwa na maumivu ya mgongo ghafla, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja liliambiwa lilale siku mbili, la pili lifanye mazoezi ya mgongo, na la tatu liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona mapema ni wale wa tatu, na waliochelewa zaidi ni waliolala. Siku mbili tu. Hapa kwetu watu huambiwa wiki mbili, wengine huambiwa “usibebe tena kitu kizito” bila kutajiwa mwisho, kifungo cha maisha kinachotamkwa kwa sentensi moja mlangoni.

Na ni nani anayeweza kukitumikia kifungo hicho? Mtumishi wa ofisini ana likizo ya ugonjwa. Mkulima wa jembe la mkono, mbeba mizigo wa Kariakoo, dereva wa bodaboda na mama anayechota maji kisimani hawana. Wao huambiwa pumzika, na siku ya tatu wanarudi kazini kwa sababu watoto lazima wale, ila sasa wanarudi na hofu ambayo hawakuwa nayo. Kila kiuno kikikaza wanaamini wanakimalizia. Uchambuzi wa tafiti 27 za Afrika uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba asilimia 62 ya watu wazima barani wamewahi kuumwa mgongo maishani mwao, na nusu ya watu wazima huumwa ndani ya mwaka mmoja. Duniani kote, mwaka 2020, wenye maumivu hayo walikuwa watu milioni 619. Kuwaandikia watu wengi kiasi hicho dawa wasiyoweza kuimudu, na ambayo hata wakiimudu inawachelewesha, ni jambo la kusikitisha sana.

Hofu hiyo yaweza kupunguzwa, tena kwa njia rahisi. Kati ya mwaka 1997 na 1999 jimbo la Victoria, Australia, liliendesha matangazo ya televisheni ya kuwaambia watu wasijilaze mgongo unapouma, waendelee kutembea na kufanya kazi. Imani za wananchi zilibadilika, za madaktari zilibadilika, na madai ya fidia ya mgongo yakapungua kwa zaidi ya asilimia 15. Jimbo jirani la New South Wales, ambako matangazo hayakufika, halikuona badiliko kama hilo. Sisi tuna redio hadi kijiji cha mwisho. Muda wake wa hewa tumewaachia wauza unga wa ute.

Sasa taa, nyaya na mkanda. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi. Lilipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yenye mpangilio, tiba za kisaikolojia, na baadhi ya tiba za mikono, kukandwa kukiwamo. Halikupendekeza mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa uzito, mashine za mawimbi ya sauti, wala zile za vishtuo vya umeme. Ukivitoa hivyo vinne katika vyumba vingi vya fiziotherapia, kinachobaki ni taa, kitanda na kalenda ya miadi.

Mgonjwa atajibu, na ana haki ya kujibu, kwamba akiwekewa umeme anasikia nafuu. Hakuna anayembishia. Nafuu ya saa mbili ni nafuu. Kama saa mbili hizo zinatumika kumfundisha kuinama tena bila woga, mashine imefanya kazi ya kumfungulia mlango. Zikitumika kumlaza tu, kisha akarudi nyumbani kungoja Alhamisi alazwe tena, amefundishwa jambo moja: kwamba dawa ya mwili wake iko mikononi mwa mtu mwingine, na inachomekwa ukutani.

Wataalamu nao wana hoja yao. Mmoja ana wagonjwa wengi asubuhi moja. Taa inaweza kuwahudumia watano huku yeye akimshughulikia wa sita, na mazungumzo ya nusu saa hayana mahali pa kuandikwa kwenye fomu ya malipo. Hoja hiyo ni ya kweli na ni ya aibu kwa wanaopanga bei, siyo kwake. Anayeketi na mgonjwa dakika thelathini akamweleza kwa nini anaumwa amefanya tiba, na alipwe kwa tiba hiyo.

Upo upande mwingine wa kosa hili, na kuunyamazia kungekuwa kudanganya. Wapo wanaokataa kupumzika wakaishia kwenye “jikaze”. Katika baadhi ya vyumba, kilio cha mgonjwa huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba zoezi limefika mahali pake, na watu hurudi mtaani wakisema kule kwa mazoezi wanaumiza. Mkono uliovunjika kifundo, baada ya plasta kutolewa, hukunjwa kwa nguvu hadi mgonjwa anatokwa jasho. Wiki mbili baadaye umevimba, umebadilika rangi, hauwezi hata kuguswa na shuka. Baada ya kiharusi, bega la upande uliopooza huvutwa juu kwa kamba na gurudumu. Utafiti mdogo wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba asilimia 62 ya waliofanyiwa hivyo walipata maumivu ya bega, ilhali kati ya wale ambao mkono wao ulisogezwa taratibu na mtaalamu, walikuwa asilimia 8. Na nyumbani ndugu, kwa upendo wote, wanamnyanyua mgonjwa kitandani kwa kumvuta mkono ule ule.

Anayelazimisha na anayekataza wamekosea mahali pamoja. Wote hawakumuuliza mlinzi anaogopa nini. Mfumo wa neva ulioshtuka hautulii kwa kufungiwa ndani, wala hautulii kwa kuchapwa. Hutulia kwa kuonyeshwa, kidogo leo na kidogo zaidi kesho, kwamba njia ni salama.

“Kwa hiyo mnasema maumivu yangu ni ya kichwani?” Hili ndilo swali linalouma kuliko mgongo wenyewe, kwa sababu limekuwa likitumika kuwafukuza watu, hasa wanawake, kwenye milango ya madaktari. Jibu ni hapana. Maumivu yote hutengenezwa na ubongo, ya msumari uliochoma na ya ule uliopita kati ya vidole, na yote ni halisi. Aliyekatwa mguu baada ya ajali ya pikipiki akasema vidole vya mguu usiokuwepo vinawaka moto hasemi uongo wala hajarukwa na akili. Daktari wa Marekani Silas Weir Mitchell aliipa hali hiyo jina tangu mwaka 1871. Moja ya tiba za hali hiyo ni kioo: mgonjwa anautazama mguu mzima ukisogea kwenye kioo, ubongo unauona ule uliopotea ukisogea bila hatari, na kwa wengi moto unapungua. Katika jaribio dogo la hospitali ya kijeshi ya Walter Reed lililochapishwa mwaka 2007, wote waliotumia kioo kwa wiki nne walipata nafuu. Kioo cha aina hiyo kinapatikana kwa fundi wa vioo wa mtaa wowote. Kama maumivu yangekuwa yanakaa kwenye nyama, mguu uliokwisha kuzikwa usingeuma.

Wala hakuna anayesema picha na dawa ziachwe. Mgongo unaouma usiku pamoja na homa na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao nchi zetu zinaujua sana. Maumivu mapya ya mgongo kwa mtu mwenye saratani ya tezi dume au ya titi yanahitaji picha haraka. Anayepata ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuuzuia mkojo, anahitaji hospitali leo, si kesho. Na mtoto mwenye selimundu anapopata shambulio, mifupa yake inakosa damu kweli kweli. Tanzania pekee inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wa namna hiyo kila mwaka, na kumwambia mmoja wao kwamba mlinzi wake ameshtuka bure ni ukatili. Huyo anahitaji dawa, tena kali, bila kucheleweshwa. Uganda ilielewa hilo mapema: tangu mwaka 2004 inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Kazi ya kwanza ya mtaalamu wa viungo ni kuwatenga wagonjwa hawa wachache na wengi waliobaki. Kinachopingwa hapa ni kuwatendea wengi hao kama wachache.

Basi hao wengi watendewe nini? Jibu linakaa zaidi kwa watu wasiosikika sana, watoa tiba kwa vitendo, wale waliosomea Moshi pale hospitali ya KCMC au katika vyuo vya tiba vya KMTC nchini Kenya. Wagonjwa wengi hudhani kazi yao ni kufundisha waliopooza kufunga vifungo. Wao ndio waliofunzwa kuanza na swali ambalo wengine hulifikia mwisho: unataka kurudi kufanya nini?

Tuseme ni mama wa miaka hamsini na kitu anayenunua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri na kuwatembeza Kigamboni, ng'ambo ya pantoni, na ndoo kichwani. Kiuno kinamuuma mwaka wa pili. Kwa njia iliyozoeleka atapewa miadi kumi ya taa na umeme, mkanda, diklofenaki za kumeza hadi tumbo lilalamike, na onyo la kutobeba mizigo. Njia nyingine inaanza kwa kumwomba aeleze siku yake saa kwa saa. Inajulikana kwamba ndoo yenyewe siyo shida kubwa. Shida ni saa moja ya kupara samaki ameinama bila kubadili mkao, na kwamba siku kiuno kikiwa kizuri hufidia kazi zote za wiki, kisha hulala siku mbili. Ubao wa kuparia unainuliwa kwa matofali mawili. Kazi ya saa moja inakatwa vipande vitatu, na kati yake anasimama kuhesabu chenji au kupanga mafungu. Ndoo inaanza nusu, hadi nyumba ya tatu tu, hata siku anayojisikia kufika ya kumi. Kila wiki inaongezwa kidogo, hata siku ambayo kiuno kinanung'unika. Anafundishwa kuinama akiwa amelegea, akipumua. Anaelezwa habari ya mlinzi, na mwanawe wa kwanza anaelezwa pia, ili aache kumpokonya mama kila kitu mkononi.

Wiki tatu za kwanza huenda maumivu yakabaki pale pale. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, mgonjwa na mtaalamu, kwa sababu wanapima kitu kisicho sahihi. Kilichobadilika ni kwamba anapara samaki wote, anafika nyumba ya sita, na usiku anapata usingizi wa saa tano badala ya wa saa tatu. Maumivu mara nyingi hufuata nyuma ya kazi, kwa kusuasua. Wengine hayaondoki kabisa, na wanapaswa kuambiwa hivyo kwa uaminifu, pamoja na kuambiwa kwamba maisha yanaweza kupanuka hata yakiwa yapo.

Katika vyumba vingi, fomu ya siku ya kwanza huanza na mstari wa 0 hadi 10: zungushia namba ya maumivu yako. Mstari huo ubaki, lakini ushushwe chini. Juu yake iwekwe nafasi tupu yenye swali la kazi ipi mgonjwa ameiacha na anaitaka tena, na fedha za bima zifuate jibu la hapo. Mama wa Feri asingehitaji kufikiri sana. Angesema ndoo iliyojaa, mteremko wa pantoni saa kumi na moja alfajiri, na mjukuu wa miezi minane ambaye tangu azaliwe bado hajambeba mgongoni.